Trela la Kambi na Watoto Wadogo: Kutoka Saba Hadi Moja

Wazazi wenzangu mlioko Ohio, Texas na kwingineko Marekani, majira ya joto ndiyo haya na trela la kambi limeshafungwa nyuma ya gari. Ni chumba, jiko, choo na stoo kwa pamoja, na vingi vyenye makali au moto viko usawa wa uso wa mtoto wa miaka miwili. Pigeni magoti, mtambae kutoka mlangoni hadi kitandani, mkague anayoyaona yeye. Haya, tuhesabu.

7. Droo na kona. Droo zitiwe komeo za sumaku, kona za meza zivishwe sponji. Mtoto atakuta kila droo imegoma, atanuna. Mwache anune, kununa hakushonwi nyuzi.

6. Mkoba wa bibi. Humo mna vidonge vya presha, na pembeni yake rimoti yenye betri bapa kama kifungo cha shati. Betri hiyo ikikwama kooni huweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Akiimeza, ni hospitali moja kwa moja. Bandika utepe mgumu kwenye kifuniko cha rimoti. Mkoba nao utundikwe juu, na bibi apewe pipi zake mkononi.

5. Dabodeka. Mtoto akililia wembe mpe, walisema wahenga. Akililia kitanda cha juu mnyime, mpaka atimize miaka 6. Angalia pia nafasi kati ya kingo na godoro: ikizidi sentimita 9, mwili wa mtoto unapita na kichwa kinabaki.

4. Maji na jiko. Maji ya nyuzi 60 za Selsiasi huunguza ngozi laini kwa sekunde chache tu. Ya kuogea yasizidi 49. Hita nyingi za trela hazina pa kupunguzia, kwa hiyo fungulia baridi kwanza, uchanganye, ujaribu kwa kiwiko. Ukimaliza kupika, chomoa vile vishikio vya kuwashia jiko uvifiche. Mpishi akisahau alikovificha, mtakula mkate na siagi, na vidole vyote vitakuwepo mezani.

3. Ngazi ya mlangoni. Ni ya chuma na ina makali. Ivishe zulia, na wavu wa mbu usiuhesabu kuwa ni mlango: mbu hasukumi, mtoto anasukuma.

2. Magurudumu. Weka kabari pande zote mbili kabla ya kulifungua trela kutoka kwenye gari. Jeki za pembeni huzuia mtikisiko, si breki. Gari linaporudi nyuma, mtu mzima mmoja awe na kazi moja tu: kushika mikono ya watoto. Na barabarani, hata alie vipi kwamba anataka kulala kitandani kwake, mtoto hasafiri ndani ya trela. Majimbo mengi yanakataza, na kiti chake cha usalama kiko garini.

1. Hewa. Hapa utani tuuweke chini. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Hutoka kwenye jiko, hita, jenereta, hata jenereta ya jirani. Makaa ya nyama choma yasiingie ndani, hata yakionekana yamekufa. Gesi ya propani nayo ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama sakafuni, anapotambaa mtoto, ndiyo maana king'amuzi chake hufungwa chini. Watu husema ajali haina kinga. Hii inayo, nayo ni ving'amuzi vya gesi hizi mbili, ila vifaa hivi huzeeka: tarehe imeandikwa nyuma yake, na ikipita, nunua kipya. Dirisha la dharura, lile la mpini mwekundu, lifungue wewe mwenyewe uhakikishe halijaganda.

Usiku wa leo, bonyeza kitufe cha majaribio cha kila king'amuzi. Kisipolia, ahirisha safari.