Mhadhara wa Siku ya Kwanza Barafuni, Uliotolewa Nyarugusu

Zimeni karasha! Hata hilo la pembeni. Elimu haishindani na injini ya dizeli.

Mwangaluka! Waheshimiwa wenye maduara, vijana wa winchi, akina mama wa mialoni, na wewe mnunuzi wa dhahabu unayejifanya unapita tu: anayesimama mbele yenu ni Mtaalamu Mkuu wa Misafara ya Barafu, Shinyanga na Geita. Cheo hiki nilijitunuku mwenyewe baada ya kuwatafuta wagombea wengine na kukuta hakuna. Mada ya leo ni siku ya kwanza ya msafara wa barafuni. Siku ya pili na zinazofuata sizifundishi. Ni marudio tu.

Jambo la msingi, andikeni: siku ya kwanza ya safari ya barafu haina barafu. Mnacheka. Haya, nendeni Kilimanjaro, muingie kwa lango la Marangu. Mtakuta daftari la kujiandikisha na mzani, kama soko la dhahabu pale Geita, ila huku yanayopimwa ni mabegi. Mgumu, maana ndivyo mbeba mizigo anavyoitwa kule, ana kikomo cha kilo 20. Basi mzani ukisema ishirini na tatu, utamwona bwana mkubwa wa msafara akifungua begi palepale, anavaa koti juu ya koti juu ya koti, jua la saa nne linawaka, jasho linamtoka puani, mpaka mshale unarudi mahali pake. Kilo tatu zimehama bila kwenda popote. Hiyo ndiyo fizikia!

Baada ya hapo ni msitu. Matope, mizizi, ukungu, mbega wanakutazama toka juu kwa dharau. Jioni mnafika Mandara, mita 2,720, mnapewa chai na bisi. Kilele kiko mita 5,895. Yaani mmekwenda kuitafuta barafu, mmekula bisi. Msafara umefana.

Kwa wanaotaka kwenda mbali zaidi, ipo Ncha ya Kusini. Roald Amundsen wa Norwei aliondoka kambini kwake tarehe 8 Septemba 1911 na mbwa wake; baridi ikamrudisha. Akaanza upya Oktoba, na tarehe 14 Desemba akawa amefika nchani kabla ya mtu mwingine yeyote. Robert Scott, Mwingereza, alifika Januari 1912, na njiani kurudi akafa yeye na wenzake wote wanne. Wachambuzi wamejaza makabati kueleza tofauti ya hao wawili: mbwa, farasi, magari ya injini ya Scott yaliyoharibika mapema. Mimi nimeimaliza kwa mstari mmoja. Amundsen alikuwa na siku mbili za kwanza.

Sasa nimtaje baba yangu wa kitaaluma, vueni kofia. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro kwa macho yake, akaandika. Kule London akainuka William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika, akasema hakuna kitu kama hicho, theluji na ikweta wapi na wapi. Oneni ukomavu huo! Rebmann alikuwa na macho tu. Cooley alikuwa na maktaba. Hata Baron von der Decken alipopanda mwaka 1862 na theluji ikamwangukia mwilini, Cooley hakutikisika. Ningekuwa na mtoto wa kiume mwingine ningemwita Cooley.

Kutoka kwake nimejifunza kuviamini vitabu. Vitabu vinasema Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Mahema na chakula vilijibeba vyenyewe.

Mwaka 2000 akaja Lonnie Thompson wa Marekani na drili, akaitoboa barafu ya juu kule mpaka kwenye mwamba. Ya chini kabisa walikadiria umri wake kuwa miaka 11,700. Nyinyi mnaelewa, wale wa migodi mikubwa hutoboa hivyohivyo kabla ya kumwaga hela. Tofauti ni kwamba dhahabu inasubiri. Kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu ile lilipungua kwa asilimia 85, na hakuna aliyeipiga moko hata mara moja. Mwenye nia ya kuomba leseni na awahi.

Vifaa. Baridi isiwatishe: duara likishuka joto linazidi, kwa hiyo mchimbaji ana akiba ya joto mwilini inayotosha wiki nzima. Wazungu hubeba vyakula vya makopo. Sisi tuna michembe, chakula ambacho hakiozi, hakigandi, na ukikosa nyundo unagongea msumari. Matimba tutabeba ya kutosha, endapo mlima utataka kutuangukia.

Maswali? Wewe mwenye koti la bluu. Nini? Umewahi kuwa mgumu, Machame? Na unasema siku ya kwanza mgumu hutoka nyuma ya mgeni, humpita njiani na mzigo kichwani, akafika kambini mbele yake ili akute hema limesimama?

Kijana, kaa chini. Ushahidi wa mtu aliyekuwepo haukubaliki katika mhadhara huu. Alishaukataa Cooley, sembuse mimi. Washeni karasha. Wewe wa koti, usiondoke, pitia kwangu jioni. Kuna jambo dogo la kitaalamu kuhusu idadi ya soksi.