Kumpaa Sangara Mahali Pasipo na Ziwa

Sangara ni samaki mkubwa wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, na neno hilo lisichanganywe na maji ya kwenye jokofu, kwa sababu uhusiano wa sangara na jokofu ni mgumu, kama itakavyoonekana mbele. Wataalamu wa samaki humwita Lates niloticus, Wakenya humwita mbuta, Waganda humwita mputa, na katika Ziwa Tanganyika wako jamaa zake wa karibu, mmojawapo akiwa mgebuka, ambaye Kigoma haikai mezani bila yeye. Sangara aliyekomaa akaachwa aishi anaweza kukaribia urefu wa mita mbili na uzito wa kilo 200, ambao ni uzito wa watu wazima watatu na mfuko wa sembe juu yake. Katika Ziwa Victoria hakuzaliwa: alipandikizwa humo kuanzia miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala wenyeji wake kwa kiasi cha kutisha, hasa furu, jina linalojumuisha mamia ya aina za samaki wadogo ambao wengi wao hawakuonekana tena. Huyu ndiye mgeni aliyekaribishwa akala waliomkaribisha, kisha akageuka kuwa tegemeo la viwanda vya minofu vya Mwanza na Musoma.

Jinsi samaki wa namna hiyo anavyofika kwenye beseni la plastiki katika ua wa nyumba ya Nkuhungu au Kisasa, jijini Dodoma, ni jambo linalohitaji maelezo, kwa kuwa Dodoma ni nchi kavu kwa maana zote za neno hilo. Mvua zake hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na kwa mwaka mzima kwa kawaida hazizidi sana milimita 600. Miezi inayobaki ni ya upepo, vumbi na subira. Kitoweo chenye historia ndefu mahali hapa ni mlenda, ambao husindikiza ugali wa uwele au mtama, na ambao, tofauti na sangara, hauna miba wala haujawahi kumkata mtu kidole. Samaki wa karibu hupatikana Bwawa la Mtera, lililo mpakani mwa Dodoma na Iringa, na Bwawa la Hombolo, nao ni perege na kambale, samaki wastaarabu wanaoingia kwenye kikaango bila mazungumzo marefu. Ajabu ni kwamba uso wa Ziwa Victoria na mji wa Dodoma viko karibu kimo kimoja, vyote vikiwa mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, hivyo sangara anapohamia Dodoma hapandi wala hashuki. Anachobadilisha ni maji tu.

Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulitolewa mwaka 1973, lakini safari ya kweli ya watumishi wa Serikali ilishika kasi baada ya mwaka 2016, na miongoni mwa waliohamia walikuwemo wengi wa Kanda ya Ziwa, ambao walileta majalada, makochi na imani thabiti kwamba samaki asiyezidi urefu wa mkono wa mtu ni chambo. Imani hiyo ndiyo chanzo cha mikasa inayoelezwa hapa.

Ziwani kwenyewe sangara huvuliwa kwa nyavu za makila, ambazo hutegwa zikasimama majini kama ukuta na samaki akanasa matamvua, au kwa migonzo, yaani kamba ndefu yenye ndoano nyingi zilizovishwa chambo, ambayo huachwa usiku kucha ikasubiri mlafi. Mvuvi wa sangara hana ucheshi mwingi kazini, kwa sababu mtumbwi ni mwembamba na samaki wa kilo 40 anayepigapiga mkia ndani yake hufanya kila mtu akumbuke sala zake. Sheria ya Tanzania inakataza kuvua sangara mwenye urefu ulio chini ya sentimita 50, na sato aliye chini ya sentimita 25, ili samaki wapate kuzaa kabla ya kuliwa. Dodoma ilikutana na kanuni hiyo kwa namna ambayo haijasahaulika: mwezi Juni 2018 maafisa wa wizara inayosimamia uvuvi waliingia katika kantini ya Bunge wakiwa na rula, wakapima samaki waliokwisha kupikwa, na kantini ikatozwa faini ya shilingi 300,000, jambo lililowafanya baadhi ya wabunge walipeleke suala hilo ukumbini kwa hasira. Hapo ndipo lilipozaliwa swali la kitaaluma ambalo lingestahili semina yake: samaki aliyekaangwa akajikunja, apimwe kwa kufuata mkunjo au anyooshwe kwanza? Kwa vyovyote vile, rula ya shule ina sentimita 30, inamtosha sato, na kwa sangara haifai hata kupimia kichwa cha yule mkubwa.

Njia kuu ya sangara kufika Dodoma ni magari ya mizigo yenye barafu, lakini njia yenye mikasa ni zawadi. Desturi inamtaka mtu atokaye Mwanza asirudi mikono mitupu, na mikono isiyo mitupu kwa mtu wa Mwanza ni mikono yenye samaki. Samaki huyo huwekwa katika deli, ambalo ni sanduku la kutunzia ubaridi, barafu ikashindiliwa pande zote, kisha likapakiwa kwenye buti la basi kwa safari ya takriban kilomita 700 kupitia Shinyanga na Singida. Barafu ni mkataba wenye muda maalumu, na muda huo, kwa uzoefu wa wasafiri wengi, huisha kabla ya Manyoni. Kwa asiye na deli hali ni mbaya zaidi, hasa tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini. Sera hiyo ilikuwa na manufaa makubwa kwa mazingira, lakini mfuko mbadala wa kitambaa chepesi hauzuii maji, na begi la abiria wa jirani lenye suti ya kuvaa kwenye kikao cha asubuhi linaweza kufika Dodoma likiwa na harufu inayotaja mkoa lilikotoka. Harufu hiyo ina jina lake, shombo, na Kiswahili kilifanya busara kuitenga na harufu nyingine zote, kwa sababu haisikii sabuni.

Akishafikishwa nyumbani, sangara huleta tatizo la vipimo. Nyumba ya Dodoma imepangwa kwa kuzingatia vitu vidogo: sinki la kuoshea vikombe, ubao wa kukatia kitunguu, kisu cha mchicha, beseni la kufulia soksi. Samaki wa urefu wa mita moja, ambaye huwa na zaidi ya kilo kumi, akilazwa kwenye sinki huacha kichwa nje upande mmoja na mkia upande mwingine, mithili ya mgeni mrefu aliyelazwa kwenye kitanda cha mtoto. Simulizi maarufu ya mji huu inasema jina Dodoma linatokana na neno la Kigogo lenye maana ya kudidimia, baada ya tembo aliyekwenda kunywa maji kuzama kwenye tope akashindwa kutoka. Mji uliopata jina kwa mnyama mkubwa kukwama mahali padogo haukupaswa kushangazwa na sangara, ila kila nyumba hushangaa upya, na mkutano mfupi wa familia huitishwa, ambapo baba mwenye nyumba, aliyempokea samaki kwa vifijo stendi, hugundua ghafla kwamba ana simu ya kupiga.

Kazi inayofuata huitwa kupaa. Katika Kiswahili neno hilo lina maana mbili zisizo na undugu: kupaa ni kwenda juu angani, kama tai, na kupaa ni kuondoa magamba ya samaki kwa kuyakwangua. Mahali pengi maana hizi hukaa mbalimbali, lakini katika ua wa Dodoma mwezi Agosti, upepo ukivuma kutoka kusini mashariki kama kawaida yake, hutimia zote mbili kwa pamoja: samaki hupaliwa, magamba yakapaa. Gamba la sangara mkubwa si kitu cha kupuuzwa. Lina upana wa sarafu, ni gumu kama ukucha, na likishakauka juu ya nywele za mtu, juu ya shuka zilizoanikwa au juu ya kioo cha gari la jirani, huhitaji kubanduliwa moja moja. Wauza samaki sokoni hutumia kikwangulio, kibao kilichopigiliwa vizibo vya soda vyenye meno, na hukwangua kutoka mkiani kwenda kichwani, kinyume cha ulalo wa magamba. Mwanafunzi wa nyumbani huanzia kichwani, kwa kuwa ndiko samaki anakoanzia, na baada ya nusu saa samaki huwa amebaki na magamba yake, mwanafunzi akiwa amepoteza heshima yake.

Silaha za sangara hazifi naye. Mgongoni ana pezi la kwanza lenye miba saba au minane migumu, ambayo hulala kwa unyenyekevu samaki akipapaswa kuelekea mkiani na kusimama wima mkono ukirudi upande wa pili, na ukingo wa mfupa wa shavu lake umechongoka kama msumeno. Ndiyo maana mjuzi hukata mapezi kwanza, kabla ya jambo lingine lolote, na ndiyo maana pia asiye mjuzi hutambulika Jumatatu ofisini kwa plasta ya kidole gumba, ambayo huieleza kwa wenzake kwa kusema alikuwa akirekebisha gari.

Tumbo hupasuliwa kutoka kwenye tundu la haja kuelekea chini ya kidevu, kwa ncha ya kisu isiyoingia ndani sana, kwani karibu na ini hukaa kifuko cha nyongo, na nyongo ikipasuka uchungu wake hupenya kwenye nyama hata ndimu isiweze kuitetea. Humo ndani mpasuaji hutafuta bondo, kifuko cha hewa kinachomwezesha samaki kuelea bila juhudi, ambacho husafirishwa mpaka China na kuuzwa kwa bei inayoweza kuipita ya nyama yenyewe. Habari za bei hiyo zimefika Dodoma kabla ya bondo, na familia nyingi huinama juu ya tumbo la samaki kwa matumaini ya kulipa ada za shule. Lakini watu wa mwaloni, yaani wa pale mitumbwi inaposhushia samaki, si wazembe, na kwa kawaida bondo huwa limetolewa huko huko, mahali pake pakiachwa wazi kwa adabu.

Kisha huja hesabu ya maji, na hapa ndipo mtu wa ziwani na mtu wa Dodoma wanapotofautiana kabisa. Ukingoni mwa ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800, samaki huoshwa na ziwa lenyewe bila mtu kuhesabu. Katika mji unaotegemea kwa sehemu kubwa visima vya Mzakwe, ambako kila nyumba inajua siku yake ya mgao kuliko inavyojua siku za kuzaliwa za watoto, sangara mmoja huomba ndoo moja ya kuondoa damu, ya pili ya kuondoa utelezi, ya tatu ya kumuosha aliyemuosha samaki, na ya nne ya sakafu, ambayo bila hiyo mtu mzima huteleza akiwa ameshika kichwa cha samaki na kuanguka kwa namna inayowatia watoto furaha isiyo na staha. Mama mwenye nyumba akijumlisha ndoo hizo, pamoja na ndimu, majivu na sabuni za kupambana na shombo, sangara wa zawadi hupata bei, na bei yenyewe si ndogo.

Majirani hawahitaji kualikwa. Shombo ni tangazo, na paka wa mtaa mzima hulisoma mapema kuliko wanadamu, wakakaa juu ya ukuta kwa mpangilio wa kikao cha halmashauri. Kichwa, ambacho peke yake hujaza sufuria na kutoa mchuzi mzito wenye mafuta, humwendea mwenye umri mkubwa. Vipande vya mkia hupelekwa nyumba ya kushoto na ya kulia, kwa ukarimu ambao kwa kweli hausababishwi na wema mtupu, ila na jokofu. Droo ya kugandishia ya jokofu la kawaida la nyumbani haizidi sana upana wa sentimita 50, na sentimita 50 ndicho kimo cha chini ambacho sheria inakiruhusu kwa sangara. Kwa hiyo sangara anayeingia humo akiwa mzima huenda akawa amevunja sheria, na sangara halali hana pa kulala.

Katika Soko la Majengo wapo vijana wanaokata mapezi, wakapaa, wakatumbua na kumgawa sangara vipande vya kutosha sufuria kabla msindikizaji wake hajamaliza kupokea simu, na malipo yao ni madogo kuliko thamani ya ndoo nne za maji na plasta moja. Anayetarajia mgeni kutoka Mwanza ampitishe hapo kwanza, na akiona hilo ni taabu, amwombe amletee dagaa.