Okshonia wa Ayany

Mwaka wa kwanza nilipokuwa na pikapu hapa Ayany nilihamisha familia nne, nikabeba mbuzi wa mahari ambaye mwenyewe hakunionjesha hata mchuzi wake, mitungi ya gesi sina hesabu, na Jumamosi moja kabati ambalo ndani yake bado mlikuwa na nguo, na katikati ya nguo, paka. Nairobi ukinunua pikapu umewanunulia watu. Hakuna anayekuuliza kama una nafasi. Wanakuuliza utafika saa ngapi.

Ndiyo maana nikanunua kifuniko. Si turubai, maana turubai hufunguliwa na yeyote mwenye vidole. Nilitaka kile cha mabati membamba ya alumini kinachojikunja kama shata ya duka. Ukivuta mkanda wake kinatoka kwenye kasha lililobanwa nyuma ya kebini, kinateleza juu ya reli mbili mpaka mlango wa nyuma, unapiga ufunguo, basi. Nilikipata kwa fundi mmoja Viwandani, kimeng'olewa kwenye gari lililogongwa, na huenda hapo ningeshika adabu. Lakini hesabu yangu ilikuwa safi: pikapu iliyofunikwa haifanani na pikapu. Inafanana na gari la mtu wa mikutano.

Na kwa miezi mitatu hesabu ilijibu. Jirani wa ghorofa ya pili alilizunguka gari, akaligonga bati kwa kidole, akauliza, "Siku hizi haibebi?"

"Haibebi, jirani," nikasema kwa huzuni ambayo sikuwa nayo.

Nilimsahau shemeji.

Shemeji ni kitinda mimba kwao. Anakaa Kawangware, hatua chache kutoka stegi ya 46, na pesa zake zote amezizika kwenye pikipiki ya mashindano. Ukiishi Ayany mchezo huo unaujua kwa sikio hata kama hujawahi kuuona. Siku ya mbio, kutoka upande wa Jamhuri, huja mlio wa nyigu waliofungiwa kwenye debe. Wakenya wengi wanaijua Jamhuri Park kwa maonyesho ya kilimo na mafahali wenye utepe shingoni. Hawajui kwamba humo humo kuna uwanja wa udongo wenye vilima, ambako vijana wenye akili timamu hurushwa hewani wakiwa wamelipia wenyewe.

Sasa pikipiki ile haina taa. Haina namba, haina vioo, haina indiketa. Barabarani hairuhusiwi kukanyaga. Ni chombo cha usafiri kinachohitaji usafiri. Shemeji hupenda kunieleza kwamba kimeundwa kwa ajili ya nje ya barabara, nami humsikiliza kwa heshima. Wanubi walipokaa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1900 walipaita Kibra, yaani msitu. Msitu umekwisha, ila kuna vichochoro kule Makina ambavyo nduthi ya kawaida huvipanda kila siku ikiwa na mama, mtoto na gunia la makaa, na hakuna anayeisifu kwa lolote.

Alipiga simu Ijumaa usiku. "Shem, Jumapili nisaidie na pikapu. Ni kutoka hapa Kawangware mpaka Jamhuri tu."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mke wangu alikuwa akiosha vyombo, amenipa mgongo. Hakugeuka. Aliacha tu kuosha.

"Hakuna shida, shem," nikasema.

Jumapili alfajiri tulipima. Pikipiki ina zaidi ya mita mbili. Bodi ya pikapu ya milango minne kama yangu ni kama mita moja na nusu, na katika hiyo mita moja na nusu kasha la kifuniko limekalia karibu futi nzima, pale pale ambapo gurudumu la mbele lingeegemea. Nilikuwa nimelipa pesa zangu ili gari lipungue. Uzito nao si haba: gunia la mahindi na debe moja juu yake, lakini gunia lenye magurudumu na nia yake binafsi.

Tuliazima ubao kwenye mjengo jirani, tukaita vijana wawili. Ubao ulijipinda, ukalia kama mlango wa kaburi, pikipiki ikapanda kwa ghafla, na gurudumu likalipiga kasha. Nilisikia bati likibonyea. Shemeji akasema, "Haijafanya kitu," kwa haraka ya mtu ambaye hajaangalia. Tukailaza mshazari, mlango wa nyuma ukabaki wazi, gurudumu la nyuma likakaa kwenye ukingo kama abiria wa Krismasi.

Kufunga tukafungia blada, zile kamba za tyubu kuukuu. Hapa ndipo nilipojifunza elimu ambayo nilikuwa naishi vizuri bila kuwa nayo. Springi za mbele za pikipiki ya mbio zina mwendo wa karibu sentimita 30, ndizo humpokea mtu anapotua kutoka angani. Ili itulie juu ya gari lazima uivute chini kwa mikanda isiyonyumbuka mpaka springi zisinyae na kubaki zimesinyaa. Sisi tulifunga springi kwa mpira. Ni kama kumkabidhi mlevi mmoja amshikilie mlevi mwenzake.

Naivasha Road ina matuta. Kila tuta pikipiki ilisimama, ikatazama huku na huku, kisha ikainama. Kwenye kioo niliona usukani wake ukichomoza na kuzama kama pembe za ng'ombe anayetaka kuuliza kitu. Hapa Kenya tuna Rhino Charge, mashindano yaliyoanza 1989, ambapo magari hupewa muda wa saa 10 kupitia vituo 13 porini, na mshindi si mwenye kasi bali aliyekata njia fupi kuliko wote. Mimi nilikuwa na vituo viwili, barabara ya lami, na umbali ambao bibi anautembea kwa miguu akienda kanisani, na bado nilikuwa njiani saa mbili baadaye.

Tungefika mapema kama tusingepitia Ayany kuchukua chakula alichofungiwa na dada yake. Karibu na Olympic, mbele kabisa ya stegi ya bodaboda, blada ikakatika. Pikipiki ikalala upande kwa kishindo. Nikasimama. Sikuona tatizo mpaka nilipoona injini zote za stegi zimezimwa.

"Hiyo nduthi mnaipeleka wapi?"

"Jamhuri."

"Jamhuri yadi ya nani?"

Nikashangaa, yadi gani? Kisha nikajitazama kwa macho yao. Nduthi nyingi za pale stegini zimechukuliwa kwa mkopo, mtu analipa kila siku. Ukichelewesha, anakuja mwanamume mwenye kitambi, shati la kuchomekea, pikapu yenye kifuniko, anaipakia nduthi yako mchana kweupe na kwenda kuipiga mnada. Nilikuwa nimevaa sare kamili. Hata kitambi nilikuja nacho.

"Okshonia!" mtu akapaza sauti, na stegi ya watu sita ikawa ya watu thelathini. Mkono uliingia dirishani ukachomoa ufunguo wa gari kwa ustadi ambao hadi leo nauheshimu.

Shemeji akashuka. "Jamani, nduthi ni yangu."

"Hata sisi huwa tunasema hivyo."

Akajitokeza mzee wao, mwenye koti la kuakisi mwanga na kofia ngumu isiyo na kioo. Akaizunguka pikipiki polepole kama daktari wa mifugo.

"Haina taa," akasema. "Haina namba. Haina kiti cha abiria. Haina keria." Akamgeukia shemeji. "Sasa hii inaleta nini nyumbani?"

"Ni ya mbio, mzee."

"Mbio za kwenda wapi?"

"Inazunguka tu. Inarudi pale ilipoanzia."

Kimya.

"Na nani analipa?"

"Mimi."

Hasira yote iliondoka usoni mwao, ikaja huruma, na huruma ile iliniuma zaidi. Nikarudishiwa ufunguo. Mzee akatazama jinsi tulivyofunga, akafumba macho kidogo.

Nadhani ni vizuri kueleza hawa ni watu gani. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki zisizofika cc 250 mwaka 2008, hakuna kitu nchini ambacho hakijapanda nduthi: milango, vitanda, vioo vya madirisha, kondoo aliyekaa kama binadamu, jeneza. Pale pale stegini kulikuwa na kochi la watu watatu limesimama wima nyuma ya nduthi moja, na mwenye nduthi aliliacha hivyo, bila hata kuligeukia, akaja kutusaidia. Mtu anayebeba kochi kwa pikipiki alikuwa anamfundisha mtu mwenye gari kubeba pikipiki. Walifungua kila fundo letu. Wawili wakaukalia usukani mpaka springi zikanywea, wa tatu akapitisha kamba ya manila, wa nne akakunja gunia akalitia mahali palipokuwa pakisuguana. Dakika nne. Ukiisukuma, gari zima linatikisika, yenyewe haiendi.

Aliyekuwa akifunga upande wa mbele akaligonga kasha lililobonyea. "Na hii ya nini, mkubwa?"

"Ya kufunika."

"Kufunika nini?"

Nikatoa mia tano ya chai.

Mbio zenyewe sina mengi ya kusema. Shemeji alianguka mara mbili na akarudi akiwa na furaha. Kisha mvua ikanyesha, ule udongo mweusi wa Jamhuri ukawa gundi, na tulipoishusha pikipiki kwake jioni nikafanya kosa la kufunga kifuniko juu ya bodi iliyojaa matope ili nisionekane. Kilifika katikati kikagoma. Hakiendi mbele, hakirudi. Usiku nikashauriwa na mtu nisiyemtaja, aliyekuwa amemaliza kuosha vyombo, nipake reli mafuta ya kupikia. Nikapaka. Kufika asubuhi mafuta yalikuwa yamenywa vumbi lote la mtaa na kuwa simiti. Vile virija vya pembeni vya kumwaga maji ya mvua vimezibwa kwa tope, kasha limejaa maji, na kila nikifunga breki linanitapikia mfano wa chai ya maziwa kwenye kioo cha nyuma.

Aliyeniokoa ni fundi wa shata za maduka kule Kawangware. Alicheka kwanza, akanusa reli, akacheka tena. "Mmekaanga?" Akaosha kwa sabuni na mswaki, akazibua virija kwa spoku ya baiskeli, akakausha, akasugua reli kwa mshumaa. Ila kasha, akasema, limeshapinda. Kikikunjwa chote kitakaa, lakini usikivute tena.

Kwa hiyo gari langu liko wazi. Jirani wa ghorofa ya pili ameshaliona. Ana binamu anahamia Rongai. Nikipita stegini asubuhi wananipungia mkono: "Okshonia! Leo ni ya nani?" Nami hupiga honi.

Lakini jina limesambaa kuliko maelezo yake. Juzi niliegesha mbele ya duka moja hapa mtaani ninunue maziwa. Mwenye duka alichungulia dirishani, akaiona pikapu, akamwita kijana wake kwa sauti ya chini, na kabla sijavuka barabara walikuwa wameshalikokota friji wakaliingiza chumba cha ndani. Maziwa nikaambiwa yamekwisha.