Chungu cha Fisi

Kijiji cha Mbuyuni kilikuwa na desturi yake: anayepigiwa vigelegele vingi hukalia tawi la juu la mbuyu, na aliye juu ndiye anayejua. Mzee Kobe hakuwahi kufika hata tawi la kwanza.

Mtoto wa Punda alipoanza kujikuna nyuma ya magoti hadi kutoka damu, Kobe alimkagua, akauliza kama ukoo wao una wenye pumu, kisha akasema: "Ni pumu ya ngozi, mama. Haiambukizi. Ngozi yake ni ukuta uliopungukiwa udongo kati ya matofali: maji yanatoroka, vumbi linaingia. Kila akitoka kuoga, angali na unyevu, mpake mafuta mazito yasiyo na manukato. Ikichachamaa, tumia dawa hii ya kutuliza kwa siku nitakazokupangia. Itapoa, na huenda ikarudi."

Huenda ikarudi! Nani apige vigelegele kwa maneno kama hayo?

Mbuyuni kulikuwa na matamu zaidi. Kunguru alitangaza kwamba ugonjwa unaambukiza, mtoto akafukuzwa kisimani. Kima aliagiza vidonda visuguliwe kwa ndimu na kitunguu saumu. Mtoto alilia usiku kucha, Kima akapanda tawi. Kasuku, ambaye hajawahi kuumwa hata ukucha, aliapa kuwa dawa ya Kobe huyeyusha mifupa.

Ndipo Fisi akaja na chungu. "Mizizi mitupu! Haina kemikali! Siku 3 tu!" Na kweli, siku ya 3 ngozi ilikuwa nyororo. Mbuyu ulitikisika.

Kobe, ambaye ghala lake lilikuwa limevunjwa majuzi, aliijua harufu ile. Chunguni mlikuwa na ndugu wa dawa yake mwenyewe, tena yule mkali kuliko wote, ambaye wafamasia humwita klobetasoli, amekorogewa majani kidogo kwa heshima ya mizizi. Dawa iliyotukanwa asubuhi, Fisi aliiuza jioni. Kobe alipolisema hilo, aliulizwa yuko tawi la ngapi.

Miezi ikapita. Ngozi ya mtoto ikawa nyembamba, mishipa ikajitokeza. Mama alipoacha kupaka, upele ulirudi kwa hasira hadi usoni.

"Usiogope, shemeji," Fisi alimwambia. "Hiyo ni sumu inatoka."

"Sumu inatoka!" Kasuku alidaka, akarushiwa karanga.

Wiki iliyofuata Fisi alileta chungu kipya, maalumu kwa ngozi nyembamba, bei mara mbili. Foleni ilikuwa ndefu hata ikaziba mlango wa Kobe.