Mwongozo kwa Mgeni Anayekuja Buswelu Kuhesabu Mauzo

Tumesikia unataka kujua wananchi wanatumia kiasi gani kwa mwezi, na umeamua kuwahesabia madukani. Njia hiyo ina wakubwa wake. Marekani hutangaza mauzo ya rejareja kila katikati ya mwezi, na masoko ya hisa hushtuka kwa ajili ya namba hiyo. Afrika Kusini nao wana yao. Ilemela ibaki nyuma kwa nini?

Fika mishahara ikiwa imeshaingia. Makao makuu ya Manispaa ya Ilemela yako hapa hapa, kwa hiyo siku hizo utakuta maduka yamejaa watumishi. Andika upesi kwamba matumizi yamepanda, kisha ondoka. Ukizubaa hadi katikati ya mwezi utawaona watumishi wale wale wakibeba unga, mafuta na sabuni bila kutoa hata shilingi mia, na Mangi, mwenye duka, akivuta daftari la madeni kutoka chini ya kaunta. Droo ya fedha itakuambia siku hiyo hakuna aliyenunua kitu. Ugali utaliwa hata hivyo.

Tegemea risiti. Mashine za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na karatasi zake zinapendeza kwenye faili. Usijisumbue na anayepimiwa mafuta ya kula ya shilingi 500. Risiti yake, kama ingetoka, ingekuwa ndefu kuliko kichupa alichokuja nacho. Mama wa genge mpite kwa salamu tu. Usimuulize, "Mama, dagaa sado shilingi ngapi?" Atakujibu, utanunua, na utakuwa umefanya matumizi yasiyo na kumbukumbu.

Shilingi ikiongezeka, sema watu wanakula zaidi. Hapa ndipo wanagenzi hujikwaa, kwa hiyo sikiliza vizuri. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilikwamisha viwanda, sukari ikaadimika, na kilo moja ikapita shilingi 4,000 sehemu nyingi nchini. Chukua duka lililozoea kuuza kilo kumi kwa siku kwa shilingi 3,000: linaingiza 30,000. Bei ikifika 4,500 na wateja wakabana hadi kilo nane, droo inaingiza 36,000. Chai imepungua utamu nyumba nzima, lakini chati yako imepanda kwa asilimia 20. Wamarekani wenyewe huitangaza namba yao bila kuondoa mfumuko wa bei, na wachambuzi wao wanalijua hilo. Wewe usiwaharibie wakuu wako furaha.

Usitazame juu usiku. Dagaa wa ziwa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi gizani. Mbalamwezi ikikolea, wavuvi wengi hupumzisha mitumbwi. Fedha ya mialo ya Igombe na Kirumba hupungua, na muuza duka ambaye hajawahi kushika wavu hupungukiwa nayo. Mwezi wa angani huchukua siku 29 na nusu, ule wa ripoti yako mara nyingi 30 au 31, kwa hiyo giza halirudi tarehe zile zile. Watakwimu wana programu za kurekebisha msimu wa Krismasi na hata Pasaka inayohamahama. Waulize kama wana ya dagaa.

Januari, maduka yakilala, andika kwamba watu wamefunga mikoba. Mzazi aliyetoka kununua sare, viatu na madaftari, akalipa ada na nauli ya mtoto wa bweni, atabisha. Mwache abishe. Kodi ya nyumba, matibabu na ada hata Marekani havimo katika mauzo ya rejareja.

Wapo wanaopenda kujitesa. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18, wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ulibisha hodi majumbani, ukawapa watu daftari la kuandika matumizi yao ya kila siku, na ukahesabu hata chakula walichojilimia wenyewe. Kazi hiyo huchukua miezi kumi na miwili na haifanyiki dereva akiwa anakusubiri kwenye gari. Ukiitaka kweli, vua viatu uingie ndani. La sivyo, hesabu droo ya Mangi, lakini ripoti yako iite kwa jina lake: mauzo ya Mangi.