Naomba Mzazi wa Serikali

Kwa Waheshimiwa wote wenye dirisha, mhuri na fomu yenye mstari wa "Sahihi ya Mzazi",
Kampala.



Mmesema tena nije na mzazi. Nimesikia. Shule imesema, chuo cha ufundi kimesema, na fundi cherehani aliyetaka mwanagenzi naye amesema, kwa upole kabisa. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaniruhusu kusoma na kutafuta kazi. Bila shaka mzazi yumo kwenye kanuni ndogondogo.

Basi naomba serikali initolee mzazi. Wa kuazima anatosha. Akae hapa Ggaba, Jumatatu hadi Ijumaa, mwenye kitambulisho cha taifa, miwani ya kusomea na sahihi isiyobadilikabadilika. Ajue kukohoa kidogo kabla ya kuuliza karo. Siku ya wazazi aje na kuku na soda, asinzie mwalimu mkuu akihutubia, kisha aisome ripoti yangu na kuuliza, "Kwani huyu wa kwanza ana vichwa viwili?" Muhula ukiisha tutamfuta vumbi na kumrudisha stoo, apewe mwenzangu. Foleni ni ndefu.

Vilevile, wenye bunduki kule kwetu Rutshuru, Kongo, wafundishwe kutoa risiti wanapochoma nyumba yenye vyeti. Na ufagio na karatasi za chooni mnazodai kila muhula, mzazi azikatie kwenye mshahara wake.

Juni 2017 wakubwa wa dunia walikaa hapo Munyonyo, jirani zetu, wakitafuta dola bilioni 2 za wakimbizi na kuisifu Uganda kwa ukarimu. Sifa ni za haki: mpakani Bunagana nilipita bila kuulizwa mzazi. Hata mwaloni Ggaba, nikijitwika magunia ya dagaa wa mukene, hakuna anayemuulizia baba. Mgongo wangu ni mtu mzima. Daftari ndilo linataka mlezi. Mnataka nikamfukue nani? Mama nilimwacha barabarani, nikakimbia bila hata kumfunika kanga. Huyo ndiye mnayenituma nikamlete, tena na picha mbili za pasipoti!

Samahani. Nimepaza sauti mbele ya ofisi.

Kama bajeti haitoshi mzazi mzima, nitapokea mkono wa kulia tu, wenye kalamu.

Wenu mtiifu,
Mtoto wa watu, Ggaba

Nakala: Mzazi, akipatikana.