Bili ya Haki na Jagi la Umeme

Jumatatu iliyopita nilimsimamisha kijana mmoja wa kidato cha tatu, nikamuuliza daftari la zoezi liko wapi. Akanitazama kwa huruma, utadhani mimi ndiye niliyelisahau nyumbani. Kisha akakunja mikono kifuani.

"Mwalimu, nina haki ya kukaa kimya. Lolote nitakalosema linaweza kutumika dhidi yangu."

Darasa likalipuka kwa vicheko, mimi nikabaki na chaki yangu mkononi. Huyu kijana Kiingereza chake kinaishia kwenye "my name is", ila haki za mshtakiwa wa Arizona anazo kichwani zote. Amezipata kibanda umiza, nyuma ya stendi hapa Katoro, kwenye filamu zilizotafsiriwa na DJ mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye kwake kila polisi wa Marekani ni afande na kila jambazi ni mwamba. Mimi nina shahada, nina mwongozo wa mwalimu, nina andalio la somo lenye muhuri. DJ ana spika mbovu moja, na amenishinda.

Nikajitutumua. Nikamweleza kwamba maneno hayo yametokana na kesi ya Ernesto Miranda, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1966, na kwamba baadaye Miranda huyohuyo alishtakiwa upya, akafungwa tena, bila maungamo yake kutumika. "Kwa hiyo ukimya haukumsaidia. Toa daftari."

Akatafakari kidogo. "Lakini Mwalimu, si alikuwa ameshasema?"

Naomba nieleweke: sina ugomvi na Wamarekani. Nafundisha Uraia, na haki za raia huwezi kuzieleza saa nzima bila kuwagusa. Ugomvi wangu ni na mazingira. Naamka alfajiri kwenye chumba cha kupanga, choo nje, bomba nje, kwenda kuwaeleza watoto maana ya utajiri na uhuru, na watoto wenyewe ni wa ukanda huu wa Geita. Utajiri wanaujua, upo mwaloni unaoshwa. Rashi ikilipuka kilima chochote kati ya Nyarugusu na Rwamgasa, safu yote ya nyuma inaumwa tumbo siku moja. Wanarudi wiki ya pili na raba mpya, vumbi jekundu masikioni, na simu kubwa kuliko yangu.

Huyu wa haki ya kukaa kimya ni mmoja wao. Nilimwambia sheria hairuhusu mtoto kuingia duarani. Akasema yeye haingii duarani, anasimamia tu karasha la mjomba wake, na Ibara ya 22 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kufanya kazi. Ibara ya 22 nilimfundisha mimi. Tena, ili uone dunia ilivyoniandama, kijana huyu ni mjukuu wa mama mwenye nyumba wangu, na tarehe 19 mwezi uliopita alinikopesha shilingi elfu kumi za kuchangia LUKU. Hilo sitaki kulizungumza zaidi.

Tatizo jingine ni lugha. Haki ni kitu kigumu hata kwa Kiswahili, sisi tunaifundisha kwa Kiingereza, kwa watoto wanaoota kwa Kisukuma. Siku moja niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: Bill of Rights, 1791. Mkono ukanyooka.

"Mwalimu, hiyo bili nani aliilipa?"

Nilicheka mpaka nikakaa. Nilipokwisha kukaa, kicheko kikakata chenyewe. Maana yale marekebisho kumi ya katiba yao yalipopita Desemba 1791, kuna watu pale walikuwa wanauzwa mnadani, na waliendelea kuuzwa hadi utumwa ulipofutwa nchi nzima mwaka 1865. Na Katiba yenyewe, ile iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787, ilisema kwamba katika kugawa viti vya bunge, mtumwa atahesabiwa tatu ya tano ya mtu. Nikaandika 3/5 ubaoni, nikaanza kuhangaika namna ya kuielezea.

Kijana wa karasha, ambaye sehemu za hesabu zimemshinda tangu kidato cha kwanza, hakuinua hata kalamu. "Pointi sita, Mwalimu."

Huku kwetu gramu moja ya dhahabu ina pointi kumi. Darasa zima likaelewa palepale, likanyamaza. Nimefundisha mada hiyo miaka tisa na sijawahi kupata ukimya wa namna ile.

"Na hizo pointi sita, kura alikuwa anapiga mwenyewe?" akauliza binti mmoja.

"Hapana. Zilikuwa zinaongeza viti vya jimbo la bwana wake."

"Basi hao ni madalali," akasema, akafungua ukurasa mwingine.

Nilipoona wameamka nikafanya kosa la kuwapa California. Tarehe 24 Januari 1848, James Marshall anaokota vipande vya dhahabu kwenye kinu cha mbao alichokuwa anamjengea John Sutter. Siku tisa baadaye, Meksiko inatia saini mkataba wa kuiachia Marekani California, habari za dhahabu hawana. Darasa lote: "Wamepigwaaa!" Nikaendelea: mwaka uliofuata watu wakamiminika kutoka pande zote, mashamba ya Sutter yakavamiwa, ng'ombe wake wakaliwa, naye akafa mwaka 1880 mjini Washington akiwa bado anadai fidia bungeni. Hapo sikuhitaji mwongozo wa mwalimu. Hakuna mtoto wa Geita asiyemjua Sutter. Kila kijiji kina wake, anakaa nje ya duka na bahasha ya kaki yenye nyaraka.

Kisha likaja swali lililonimaliza. Dhahabu ikionekana chini ya shamba la baba, ni ya nani? Nikasema Marekani, kwa kawaida, mwenye ardhi yake binafsi ndiye mwenye kilicho chini yake, isipokuwa kama haki hiyo iliuzwa kando. Kwetu madini ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwenye leseni anachimba, mwenye shamba analipwa fidia.

"Kwa hiyo Mwalimu, shamba ni la baba mpaka pale jembe linapoishia?"

Nilimwambia hilo atalikuta kidato cha tano.

Sasa viboko. Kibanda umiza kimewafundisha pia kwamba Marekani imekataza adhabu za kikatili, nami nikaona hapa lazima nijitetee, maana fimbo yangu ilianza kuangaliwa kama kielelezo mahakamani. Nikakesha na simu, bando likaisha, nikaazima la jirani. Nikampata James Ingraham wa Miami. Mwaka 1970, akiwa na miaka 14, shuleni kwao alilazwa mezani akachapwa kwa kibao zaidi ya mara 20. Kesi ikafika juu kabisa, na tarehe 19 Aprili 1977 mahakama ikasema marekebisho ya nane, yale ya kukataza adhabu za kikatili, hayahusu viboko vya shuleni. Siku sita tu kabla Bunge Maalumu halijapitisha Katiba yetu, tarehe 25 Aprili 1977! Nililala nikitabasamu peke yangu kama mwenye kuokota nageti.

Asubuhi nikaimwaga darasani. Monita, binti mpole asiyesema kitu, akasimama.

"Mwalimu, hapo ni kwao. Kwetu Ibara ya 13 inakataza adhabu za kumtweza mtu na kumdhalilisha. Na kanuni zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Ruhusa yako ya maandishi iko wapi?"

"Iko ofisini," nikasema.

Haiko ofisini.

Ila kinachoniuma kuliko fimbo ni kwamba hao watoto wanamjua Miranda wa Arizona, na hawamjui Jaji James Mwalusanya wa Mwanza. Mwanza, jamani! Unavuka daraja la Kigongo–Busisi, uko mjini. Orodha ya haki iliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, ikaachwa ipumue kwanza, mahakama zikaruhusiwa kuitumia Machi 1988. Mwaka 1990 ikaja mbele ya Mwalusanya kesi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyerithi shamba kwa baba yake kwa wosia, akaliuza, mpwa wake Bernardo Ephraim akaruka: mila hairuhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji akasema mila hiyo inabagua, Katiba imekataza ubaguzi, mama ana haki ya kuuza kama mwanamume yeyote. Kwisha. Hakuna risasi iliyopigwa, hakuna gari lililopinduka.

Nikawasimulia kwa mikono yote miwili. Wasichana walikaa wima. Kijana wa karasha akauliza kama jaji alikuwa na bunduki. Nikasema hapana. Akauliza kama DJ ameitafsiri. Nikasema ilikuwa Tanzania, nani atafsiri nini? Akatikisa kichwa, akasema hiyo haiwezi kuuza.

Siku hiyohiyo, ili nimalizie kwa kishindo, nikawafundisha Ibara ya 16: kila mtu anastahili kuheshimiwa faragha yake, familia yake na makazi yake. Nikarudi nyumbani nimechoka vizuri. Nimekaa kitandani, matobolwa kwenye sahani, nasubiri maji ya chai, mlango ukafunguka bila hodi.

"Mwadila, Mwalimu."

"Mwadila, Bibi. Karibu," nikasema, huku nasukuma ndoo kwa mguu.

Bibi hakukaa. Alisema yuniti zinakwisha kabla ya wiki, na ndani ya hii nyumba kuna mtu ana kitu. Akainama kuchungulia mvunguni. Akafunua pazia la nguo. Akanusa. Mjukuu wake alikuwa mlangoni anammulikia kwa ile simu kubwa.

Nikamnong'oneza kijana: "Mwambie bibi yako. Ibara ya 16. Tumesoma leo asubuhi."

Akanitazama kwa ile huruma yake. Akakunja mikono kifuani, simu ikamulika dari.

Bibi akainua ndoo mwenyewe. Jagi la umeme lilikuwa hapo chini, limeanza kutoa mvuke. Akachomoa waya, akauzungushia kwenye mpini taratibu kama anayefunga mzigo wa sokoni, akamwaga maji yangu nje, akaondoka nalo.

Liko kwake mpaka leo. Alfajiri nalisikia likichemka upande wa pili wa ukuta.